Mkaja wa Mgiriki

Barazani kwetu Mkuyuni, mama aliacha kuchambua karafuu kwenye ungo, akautazama mchoro ambao kesho yake ningeueleza chuoni: mwanamke wa Kigiriki, mistari mitupu, bila rangi wala kivuli.

Nikamwambia kwamba karne mbili zilizopita wachoraji wa Ulaya waliiga michoro ya vyungu vya kale vya Kigiriki, wakauachia mstari kazi yote.

"Haya, mwanangu Semeni." Kidole chake kikafuata mshipi chini ya matiti. "Lakini huyu ni mzazi. Kafunga mkaja kukaza tumbo baada ya kujifungua, ila kaupandisha mno."

Nilitaka kumsahihisha, kwamba huo ni mshipi wa gauni tu. Lakini mkono wake wa pili ulikuwa umeshika tumbo lake mwenyewe.

"Mbona mtoto simwoni?"

Nikauondoa ungo mapajani mwake, nikalaza kichwa changu hapo.

"Nipo hapa, mama."