Ncha ya Tepu

Injini ya gesi ilikuwa imezimika tena, na kimya chake kilijaa kiwanda kizima cha barafu. Nilifungua kisanduku cha swichi ya oili, ile inayoizima injini oili ikipungua, na mkono wangu ukasimama.

Mtu alikuwa ameunganisha pande mbili za swichi kwa kipande cha waya, isiweze tena kuzima chochote. Injini ilikuwa ikifanya kazi na oili kidogo mpaka inachemka. Iliyokuwa ikiizima ni kinga ya joto, iliyobaki kazini peke yake. Siku ambayo nayo ingechelewa, injini ingepasuka.

Waya ulikuwa umefungwa tepu nyeusi. Ncha ya tepu ilikuwa imekunjwa.

"Kunja ncha, mdogo wangu," kaka aliniambia siku aliponishikisha bisibisi mara ya kwanza. "Anayekuja nyuma yako asihangaike kuibandua." Sijaona fundi mwingine anayefanya hivyo.

Kaka, ambaye ndiye mwendeshaji wa injini hiyo, alikuwa nyuma yangu, akinimulikia tochi. Aliusogeza mwanga pembeni ya kisanduku.

"Kila ikizimika, jumba bovu naangushiwa mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Funika, mdogo wangu. Tutautoa kesho."

Joto la injini lilikuwa bado linanipiga usoni. Nyuma ya ukuta, akina mama wanaofungasha barafu walikuwa wakicheka.

Msimamizi alichungulia mlangoni. "Vipi, fundi? Tuwashe?"

Nikaishika ile ncha kwa kucha. Tepu ikabanduka bila kunihangaisha hata kidogo.