Pete au Uzi

Fundi cherehani aliuliza swali la nne kuhusu uzi, na daktari akacheka.

"Unayeyuka wenyewe, mzee. Hakuna wa kuufumua."

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, ganzi, kisha govi likatwe kwa mkono na kushonwa, nusu saa tu. Ya pili, pete ya plastiki, haina uzi, hukaa siku saba ndipo itolewe.

"Ila govi lililobana kama la mdogo wako, pete inasumbua kupita," alisema daktari. "Yeye nitamshona."

"Na mtu wa miaka arobaini na mitano?"

"Si ulisema ana thelathini na minane?"

"Nauliza tu."

Daktari akaweka kalamu chini. Walizungumza dakika tano zaidi, mlango umefungwa.

Nje, mdogo wake, dereva wa lori, alikuwa amejikunyata kwenye benchi. Siku hizi kukojoa tu kulimtoa machozi. Harusi yake alikuwa ameiahirisha mara tatu bila kumwambia mchumba sababu, na mchumba amempa hadi mwisho wa mwezi.

Kaka mtu alijua kosa ni la nani. Miaka thelathini iliyopita alipelekwa kwa mjomba likizo nzima, akarudi anatembea amepanua miguu, akamsimulia mdogo wake wa miaka minane habari za kisu butu na damu ya kujaza karai. Alitaka sifa tu. Tangu hapo mtoto akisikia hospitali anatoweka kutwa nzima, na hatia ikawa inamla fundi hata akiwa kwenye cherehani yake.

"Ni nusu saa tu," alisema, akiketi.

"Wewe ulizimia mara mbili, Kaka. Ulinieleza mwenyewe."

"Nilikudanganya. Hakukuwa na kisu chochote, butu wala kikali."

"Unasema hivyo ili niingie." Dereva aliinuka na funguo za lori mkononi. "Bora nibaki hivi hivi."

"Kaa, nakuomba. Maji tumeshayavulia nguo."

"Tumeyavulia? Nani na nani? Anayekatwa ni mimi!"

Fundi alimshika mkono.

"Subiri muuguzi aite. Ukitaka kuondoka baada ya hapo, sikuzuii."

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akasoma jina la kwanza kwenye orodha.

Lilikuwa la fundi, na tayari alikuwa amesimama, anamkabidhi mdogo wake saa na mkanda.