Mjane wa Uongo

“Mume wangu alikufa,” Mbithe alisema, wala sauti haikumtetemeka.

Mzee Chome, mwenyekiti wa ushirika wa nyumba, alivua kofia yake akaiweka gotini. “Makiwa, mama.”

“Asante.”

“Huku hatusemi asante,” mzee alimrekebisha kwa upole. “Mtu akikupa makiwa, jibu ‘tunayo’. Kwani walipokuja kukupa pole hukusikia wenzako wakijibu hivyo?”

Lahaula! Uongo haujakauka mdomoni, tayari umeanza kuvuja. “Tunayo,” Mbithe alisema haraka.

Muasya hakuwa amekufa hata kidogo. Alikuwa Doha, akilinda maghala, mwaka wa pili huu. Lakini ushirika ule wa Ukunda ulijenga ghorofa zake kwa ajili ya watu wa kipato kidogo, na sharti lake halikuwa na huruma: mwenye mume Uarabuni hapati. Haya, nenda ukawaeleze kwamba mume huyo hutuma vishilingi vya unga tu, na kila mara eti mshahara umekatwa. Nani atakusikiliza? Kwa watu, aliye Uarabuni ameshatajirika, basi.

Wazo lilikuwa la Everlyn, jirani yake wa sokoni Kombani, ambako wote wawili waliuza nyanya. “Muue kwa mdomo tu, shoga,” Everlyn alicheka. “Akirudi atafufukia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Atakulaumu nini?”

Mbithe hakucheka. Tangu utoto aliambiwa kinywa huumba. Lakini shemeji zake kule Mkongani walikuwa wamegawana shamba la baba yao, wakamwambia yeye na bintiye Kavita wakamngojee Muasya kwingine, na mwezi usiishe wakiwa bado hapo. Nyumba ya ushirika ikiuzwa, bei yake ni ile ile ya zamani, haipandishwi. Akiba yake ingetosha. Nyingine ya namna hiyo angeipata wapi, na lini? Akasema liwalo na liwe.

“Nyumba yenyewe nayo ni ya mjane,” Mzee Chome alisema walipokuwa wakipanda ngazi. “Mumewe aligongwa na lori barabara ya Lunga Lunga, yumo ndani ya tuktuk yake. Kijana mpole, wallahi. Alisilimu ndipo akamwoa. Na siku ya kuzika, kwao hakuja hata mtu mmoja.”

“Masikini,” Mbithe alisema, huku akili yake ikihesabu madirisha.

Ghorofa ya juu mzee alisimama mbali na mlango. “Mimi mwisho wangu hapa. Yumo edani, mwanamume haingii. Ingia wewe, mwanamke mwenzake.”

Ndani pazia zilikuwa zimeshushwa, na kioo cha ukutani kimefunikwa kanga. Hakukuwa na harufu ya udi wala ya chakula. Mwanamisi alikuwa ameketi kwenye mkeka chumbani, kijana kuliko Mbithe alivyodhani, amevaa nguo kuukuu, macho hayana wanja. Mbithe alitamani atoke upesi, asijue kwa nini.

“Mzee ameniambia nawe umefiwa na mume,” Mwanamisi alisema. “Karibu, dada. Wengine huja hapa wakaniambia nishukuru Mungu, nisilie. Wewe wajua. Hebu niambie, uchungu huu hupungua lini?”

“Hupungua,” Mbithe alisema. Ndilo neno pekee lililomjia.

“Usiku mimi humtengea chakula. Mama yangu hunigombeza.”

Mbithe alitazama chini. Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Mtoto wa watu amefiwa kweli, anataka kushikwa mkono, naye amekuja na maiti ya kuazima!

“Eda ikiisha narudi kwetu Kibuyuni, kulima mwani,” Mwanamisi aliendelea. “Nyumba hii hutoka kwa idhini yangu, na wameshakuja wengi. Nimewakataa. Wewe nakuachia. Afadhali iende kwa anayejua uchungu wake. Mwambie Mzee Chome nimeridhia.”

Basi imekuwa! Kavita ana pa kulala. Muasya ana pa kurudi. Mbithe alishukuru, akashukuru tena, na furaha yenyewe hakuiona ilipo. Moyo ulikuwa unamwenda mbio tu, kana kwamba mtu amemwita jina kwa nyuma.

Akaomba aone jiko.

Huko akasimama kando ya sinki, akatoa simu. Muasya alikuwa amemwambia kwamba kambi mpya huwanyang’anya simu zao hadi mwezi uishe, na kweli, wiki kadhaa sasa simu yake iliita tu bila kupokewa. Leo Mbithe hakutaka pesa wala habari. Alitaka asikie “haloo” yake moja, ili lile neno alilolitamka mbele ya mzee lirudi lilikotoka. Akabonyeza jina lake, akaweka simu sikioni. Pokea, baba Kavita. Nakuomba, leo tu, pokea.

Simu ikaanza kuita. Na kule chumbani, simu nyingine ikalia.

Mwanamisi akatokea mlangoni mwa jiko, simu ya mumewe inalia mkononi mwake, machozi yameanza upya.

“Ni dada wa marehemu,” alisema, akimnyooshea. “Hupiga kila siku, nami kila siku nashindwa. Nisaidie wewe, mwenzangu, uliyekwisha kuzoea. Mwambie kwamba kaka yake tumeshamzika.”