Mlango wa Mazoezi

Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025. Tangu asubuhi upepo mkavu ulitimua vumbi Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi.

Fidès alisimama na wazazi wengine, wakitazama watoto wakifundishwa kujiokoa nyumba ikishika moto. Zamu ya binti yake ilipofika, mtoto alijiziba pua kwa kitambaa chenye maji, akatambaa hadi mlangoni. Hapo akaketi.

"Unangoja baiskeli ya kabaza ikubebe?" mwalimu akamtania. "Sukuma, utoke."

Watoto wakacheka.

"Kwetu mlango haufungukake. Mama akienda soko, anatufungiaka na kufuli ya inje."

Kicheko kikakatika. Maji ya kitambaa yalidondoka magotini mwake, tone kwa tone.

Fidès akavua ufunguo wa kufuli hiyo shingoni, akamkabidhi jirani yake aliyesimama kando.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu bote," akasema, "batoto bangu sitabafungia tena."