Kasuku Aliyemng'ata Kanga

Kanga, aliyeshuku hata kivuli chake, alimfuga Kasuku mdogo. Kila shoga yake Kicheche alipopiga hodi, Kasuku alimrukia Kanga mgongoni na kumng'ata shingo.

“Ana kinyongo nawe huyo,” Kicheche akanong'ona. “Leo shingo, kesho jicho.”

Mgeni alipoondoka, Kanga akafoka, “Nakulisha, nakunywesha, unaning'ata kwa nini?”

“Mimi hung'ata nikiogopa, mama, ili tukimbie.”

“Unamwogopa nani humu?”

“Huyo mgeni wako.”

“Ahaa! Kumbe unataka kunigombanisha na shoga yangu!”

Akamfukuza papo hapo, kisha akakaa akijisifu kwamba amemgundua mnafiki.

Jioni Kicheche alirudi. Safari hii hakupiga hodi.