Bado Kidogo, Madala

Libérate alinunua tiketi tatu kwa mazoea, na hakuna aliyemwambia arudishe moja.

"Wewe ndiye uliyepiga simu?" aliuliza mama wa dirishani, mgeni kati ya wale wanaojitolea kuendesha treni ya moshi ya Kloof kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kisha akamgeukia Wangari. "Pole kwa baba yako. Wangu naye aliondoka mwaka jana. Tushukuru, angalau waliishi."

Wangari akasema asante. Walipofika jukwaani akamtazama mwenzake. "Ulimwambia nini kwenye simu?"

"Nilimwambia Baba amekufa. Ningesema nini, dada? Na hii Kiingereza yangu ya Bujumbura!"

Wawili hao walikuwa na flati moja Umbilo, mtaa wa Durban, na kitanda cha Baba kilikuwa chini ya dirisha, ili asikie treni za mizigo zikipita. Jumanne Wangari angempeleka nyumbani Nyeri, akazikwe. Ilikuwa imebaki ahadi moja. Baba alitaka kupanda kichwa cha treni, asimame karibu na moto, apige honi kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye begi Wangari alikuwa amebeba kofia yake ya udereva. Akiwa ameivaa hiyo, Baba aliwatangazia watu wa Umbilo kwamba yeye ni dereva, na watu walimkubalia. Nani angegombana naye?

"Iko dirisha pale," Libérate alisema, akionyesha behewa lao. "Leo nitakaa mimi. Kila mwezi alikuwa ananipindua kama serikali." Alianza kucheka, hakumaliza.

Ndivyo Baba alivyokuwa. Wakati wa kwenda alikataa kushikwa mkono akipanda. Wakati wa kurudi alilala akimwegemea Wangari, mdomo wazi, masizi usoni, na Wangari akamfuta kwa ncha ya leso. Safari ya mwisho vidole vyake havikuwa na nguvu hata ya kufunga vifungo vya koti, ikabidi afungiwe. Hospitalini aliuliza jambo moja tu: Jumapili treni ipo?

Dereva, Melvin, alikuwa amechuchumaa mbele ya kichwa cha treni na brashi mkononi, akigusia rangi nyekundu pale ilipobanduka.

"Madala yuko wapi?" aliuliza kabla hajageuka. Ndivyo alivyozoea kumwita Baba. Madala, yaani mzee, kwa maneno ya Durban. Kila mwezi Baba alimwendea, akavua kofia na kusimama wima mbele yake. Kila mwezi Melvin alimkagua kuanzia unyayoni hadi utosini, kisha akatikisa kichwa. "Bado kidogo, madala." Baba hakununa. "Basi mwezi ujao," alijibu, akavaa kofia yake, akaenda kumpindua Libérate dirishani.

Wangari alifungua begi.

Melvin aliiona kofia. Rangi ikadondoka kutoka kwenye brashi, tone baada ya tone, juu ya kiatu chake, asiione.

"Eish," alisema mwishowe. "Lini?"

"Alhamisi."

Nyuma yao moshi ulikuwa umeanza kupanda, na abiria walikuwa wakiitana kupiga picha. Wangari alimnyooshea kofia kwa mikono miwili.

"Naomba ipande hii tu," alisema. "Mimi nitabaki chini. Najua mna masharti."

Melvin hakuipokea. Alivua yake kwanza, akaiweka chini, kisha akaenda na brashi yake hadi kwenye nguzo iliyo kando ya ngazi ya kichwa cha treni. Wangari akamfuata. Pale nguzoni palikuwa na mstari mwekundu wa zamani wa kupimia watoto, asiyeufikia hapandi, na chini yake alama za chaki, moja kwa kila mwezi ambao mtoto wa Wangari, aliyeitwa Baba kwa kurithi jina la babu yake, alikuja, kila moja juu kidogo ya mwenzake. Ya mwisho ilikuwa imebakiza vidole viwili.

"Panda, madala," Melvin alisema, na palepale kwenye ile alama ya mwisho akapiga mstari mpya, sawasawa na kiuno cha Wangari.