Udongo wa Kuazima

Wageni walikuwa wakiusifu mchoro wa Shomari pale bibi mmoja, miguu imejaa vumbi, alipoingia bila kualikwa.

"Mwanangu, nimefuata udongo wangu. Kesho ni arobaini ya mume wangu, tunalijengea kaburi. Ule uliochota pale kaburini uliahidi kuurudisha."

Tajiri aliyetaka kuununua mchoro akacheka. "Mama, udongo si umejaa barabarani?"

Shomari aliinamisha kichwa kwa aibu. Alikuwa ameuomba udongo ule mwekundu kwa maneno matamu, akaupaka kwenye turubai, kisha akamsahau mwenye udongo.

"Nisamehe, mama," alisema, akachukua kisu, akaanza kukwangua.

Tajiri akaondoka. Udongo ukadondoka kidogo kidogo kwenye pindo la khanga, ambalo bibi alilikinga kwa mikono miwili.